Karai tupu, mashine inalia ovyo: tafuta chanzo kabla ya kuulaumu mto

Watu wanaoosha mchanga wa mito ya Lindi na Mtwara wakitafuta dhahabu, kama burudani ya mwisho wa wiki, wana malalamiko yanayofanana. Karai halina kitu. Au lina kitu kinachong'aa, halafu kinapotea. Mashine ya kutafutia metali inalia kila hatua, au iko kimya kutwa nzima. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba hapa hakuna dhahabu. Jibu hilo linaweza kuwa la kweli, lakini mara nyingi hutolewa kabla mkono na kifaa havijapimwa, na mtu huacha eneo zuri au hung'ang'ania eneo bovu kwa sababu hajui ni hatua gani iliyomwangusha.

Ninavyofanya mimi ni kupima kwanza kile ninachoweza kukijua kwa uhakika, yaani mkono na kifaa, ndipo niuhukumu mto. Kipimo chenyewe ni cha bei ndogo na kila pwani kipo.

Kwanza jipime kwa risasi ya nyavu

Nenda kwa wavuvi, Mikindani, Msimbati au ufukweni Lindi mjini, uombe kipande cha risasi inayofungwa kwenye nyavu ili zizame. Kikate kwa kisu upate vipande kumi, kila kimoja kisizidi punje ya ulezi. Viponde juu ya jiwe mpaka viwe bapa, maana dhahabu iliyosafiri mtoni nayo huwa imebapishwa na mawe. Vipake rangi ya kucha nyekundu ili uvione. Sasa vichanganye na kokoto na mchanga wa karai moja, osha ndani ya beseni kubwa kama unavyoosha siku zote, mwishoni hesabu.

Uzito ndio unaoamua kila kitu hapa. Sentimita moja ya ujazo ya mchanga wa kawaida ina gramu kama 2.65, mchanga mweusi wa sumaku kama 5.2, risasi 11.3, dhahabu safi 19.3. Mkono unaoweza kushika risasi utashika dhahabu ya ukubwa ule ule bila shida. Vikibaki vipande vyote kumi, shida yako haiko mkononi. Vikibaki sita, kila unapoosha unamwaga karibu nusu ya ulichokifuata, na hakuna mto utakaokuridhisha mpaka hapo parekebishwe.

Fanya kipimo hiki kwenye beseni tu, kamwe si mtoni, ili risasi isibaki kwenye maji ya watu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na watoto wasivichezee vipande hivyo. Vihifadhi kwenye kichupa chenye kifuniko, kwa sababu tutavirudia kwenye mwalo, yaani mfereji mdogo wa kuoshea mchanga, na kwenye mashine pia.

"Naosha kutwa nzima, karai halina hata chembe"

Kama kipimo cha risasi kimekushinda, chanzo huwa kimojawapo kati ya vitatu. Cha kwanza ni udongo wa mfinyanzi. Bonge la mfinyanzi likiviringika ndani ya karai hubeba chembe za dhahabu na kutoka nazo ukingoni, nawe huoni kitu. Lisugue kwa vidole ndani ya maji, mimina maji machafu, ongeza mengine, rudia mpaka maji yasibadilike rangi. Ni kazi ya kuchosha, na hapo ndipo wenye haraka hupoteza.

Cha pili ni mawe makubwa. Kokoto za ukubwa wa yai na unga wa mchanga haviwezi kujipanga pamoja. Chekecha kwanza kwa wavu wa matundu ya nusu sentimita hivi, uyatazame mawe yaliyobaki juu kabla ya kuyatupa, halafu uoshe kilichopita.

Cha tatu ndicho kinachowaangusha wengi: kuinamisha karai mapema. Karai likiwa limezama kabisa, litikise kwa nguvu kushoto na kulia, mara nyingi, likiwa limelala sawa. Kutikisa huko ndiko kunakozamisha kizito chini. Anayeanza kuzungusha na kumwaga papo hapo anafanya kama anayepepeta mchele kwenye ungo, ambako kinachotakiwa kutoka ni chepesi kilichokwisha panda juu. Kwenye karai bado hakuna kilichopanda. Tikisa, inamisha kidogo, acha maji yachukue tabaka la juu tu, rudisha karai sawa, tikisa tena.

Kama kipimo cha risasi umekifaulu na karai bado ni tupu, sasa una haki ya kuuliza habari za mahali. Na hapa jiolojia ya mikoa yetu ina neno kubwa. Ukanda wa pwani na uwanda wa Makonde, kuanzia Newala na Tandahimba kuja Mtwara na Lindi mjini, umejengwa kwa miamba ya mashapo: mchanga mgumu, udongo, chokaa. Miamba ya kale iliyopikwa na joto la ardhi, ile unayoiona imesimama kama vilima vya mawe Masasi, iko upande wa magharibi: Masasi, Nanyumbu, Ruangwa, Nachingwea. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wako Ruangwa na Nachingwea, na hilo halikutokea kwa bahati. Anayeosha matope ya Lukuledi karibu na mdomo wake, pale unapoingia ghuba ya Lindi, anajitesa. Chembe nzito huachwa juu huko mto unakokimbia kwenye mawe. Chini hufika tope.

Ukishakuwa upande unaofaa, bado kuna suala la kina. Dhahabu haitulii juu ya mchanga mwepesi unaohama kila masika. Hushuka kupitia changarawe mpaka ikutane na kitu kisichopitika: mwamba, au tabaka la mfinyanzi mgumu. Kwa hiyo usichukue mchanga laini wa juu kwa sababu tu ni rahisi kuchota. Chimba mpaka sauti ya chepe ibadilike. Nyufa za mwamba zinazokatiza mkondo, nyuma ya jiwe kubwa, upande wa ndani wa kona ambapo maji hupunguza kasi, mizizi ya miti iliyoshika changarawe, hayo ndiyo maeneo. Ufa wa mwamba usiuguse kwa chepe. Tumia kijiko chembamba, kisha brashi ya rangi, kisha maji kidogo, chota mpaka uone jiwe tupu. Mara nyingi kijiko kimoja cha matope ya ndani kabisa ya ufa kina thamani kuliko ndoo nzima ya mchanga ulio juu yake.

Weka sampuli za tabaka mbalimbali kwenye mifuko tofauti na uandike kila mmoja umetoka kina gani. Anayechanganya zote kwenye ndoo moja hatajua ni tabaka lipi lililokuwa na kitu.

"Juani inang'aa, kivulini inazimika"

Huo ni ulanga. Miamba yetu ya magharibi imejaa ulanga, na vipande vyake vilivyochakaa hugeuka rangi ya dhahabu kabisa. Geuza karai likutane na kivuli cha mwili wako. Dhahabu hubaki na rangi ile ile ya njano iliyotulia, kutoka upande wowote. Ulanga humeta ukiwa pembe moja tu, ukigeuza kidogo unakuwa kijivu. Tazama pia mwendo wake: maji yakipita, ulanga huruka na kuelea kwa wepesi, dhahabu hubaki nyuma ya mchanga mweusi na kusogea kwa shida.

Kama kilichobaki ni kizito na bado una shaka, chukua sindano. Weka chembe juu ya kioo au kigae, ikandamize. Dhahabu ni laini: itabonyea, itakunjika, haitavunjika. Dhahabu ya wajinga, ambayo ni chuma na salfa, itapasuka na kuwa unga mweusi. Ukiwa na kipande kikubwa kidogo, kikwaruze nyuma ya kigae cha sakafu, upande usio na mng'ao: dhahabu huacha mstari wa njano, dhahabu ya wajinga huacha mstari mweusi wenye ukijani. Karibu na makazi usisahau shaba nyeupe na shaba nyekundu, za zipu, maganda ya risasi za bunduki na mabomba. Hizo ni laini pia, lakini zikikaa kwenye siki zitaacha rangi, dhahabu haitabadilika.

"Chembe zinaelea juu ya maji"

Chanzo ni mafuta. Yanatoka mikononi, kwenye karai jipya lililopakwa grisi dukani, au kwenye beseni la jikoni. Chembe nyembamba yenye mafuta haishiki maji, kwa hiyo hukaa juu na kutoka na povu la kwanza. Karai la chuma lichome moto mpaka lipauke, kisha lisugue kwa mchanga na majivu. La plastiki lisugue kwa msasa na sabuni, na huo msasa utakusaidia pia kwa sababu plastiki iliyo laini mno huteleza. Ukiwa unaosha, tone moja la sabuni ya maji ndani ya beseni linatosha kuzizamisha. Usimimine sabuni mtoni.

"Mchanga mweusi hauishi"

Usiukasirikie. Mchanga mweusi ukibaki maana yake unatunza vitu vizito, na dhahabu ikiwepo itakuwa pamoja nao. Tatizo ni pale unapojaribu kuumaliza mtoni, umechoka, maji yanakimbia. Ukifikia vijiko viwili au vitatu vya mchanga mweusi, acha. Weka kwenye chupa, kaoshe nyumbani kwa utulivu.

Nyumbani ukaushe, uutandaze juu ya karatasi, kisha tembeza sumaku iliyofunikwa na mfuko wa nailoni. Ishike juu kidogo, usiizamishe mchangani, ili chembe nyeusi zirukie bila kubeba kitu kingine. Vuta sumaku nje ya mfuko, chembe zitaanguka. Zitandaze tena na urudie, kwa sababu rundo la kwanza karibu kila mara huwa limenasa chembe za njano katikati. Kama karai lako ni la chuma, kazi ya sumaku usiifanye ndani yake. Na usishangae sehemu ya mchanga mweusi ikikataa sumaku: si wote ni wa aina moja. Huo uliobaki uoshe kwa maji machache kwenye sahani.

Kuna watakaokuambia mimina zebaki ishike dhahabu, umalize kazi. Nakusihi usifanye hivyo. Zebaki ikichomwa, moshi wake unaingia kwenye mapafu yako na ya walio jirani. Ikimwagika mtoni inaingia kwa samaki, na samaki wanaliwa na watu wale wale waliokukaribisha. Kwa mtu anayeosha kwa kupenda tu, hakuna chembe itakayolipa madhara hayo.

"Mwalo unapitisha kila kitu"

Mwalo mdogo wa ubao au bati wenye zulia chini hukosea kwa njia mbili, na unaweza kuzisoma kwa macho. Tazama nyuma ya vizuizi, yaani vipande vilivyokatiza njia ya maji. Kama mchanga umejaa na kuganda kama sakafu, mteremko ni mdogo au maji hayatoshi. Chembe zitapita juu ya mchanga huo. Kama nyuma ya vizuizi ni peupe, pametoka kila kitu, mteremko ni mkali. Unachotaka ni mchanga ujae nusu, na uwe unatetemeka, unaondoka na kuingia. Kwa kuanzia, shusha sentimita mbili na nusu kwa kila sentimita 30 za urefu, halafu rekebisha kwa kujaza au kutoa jiwe chini yake.

Kisha uhakikishe kwa risasi zako kumi, ukiwa umeweka beseni mwisho wa mwalo ili kitakachotoka kisiende mtoni. Zilishe pamoja na mchanga juu kabisa. Zote zinapaswa kukamatwa kwenye theluthi ya kwanza. Ikiwa hata moja imefika kwenye zulia la mwisho, dhahabu nyembamba inatoka.

"Mashine inalia bila kupumzika"

Hapa ndipo nimeona watu wakirudisha mashine nzuri kwa aliyewauzia. Usiibishie mashine, igawe shida vipande vitatu.

Simama, inua koili, ile sahani ya mwisho wa fimbo inayohisi metali, usawa wa kiuno, usiitikise. Inalia? Basi ardhi haihusiki. Ni umeme wa hewani: nyaya za umeme juu yako, simu mfukoni, mashine ya mwenzako iliyo karibu. Zima simu au iweke mbali, sogea, punguza usikivu, badilisha masafa ya mawimbi kama mashine yako inaruhusu.

Imetulia? Sasa itembeze hewani bila kugusa ardhi. Ikilia hapo, tazama waya wa koili kama umelegea kwenye fimbo au una unyevu kwenye kiungo chake. Kisha fungua kifuniko cha chini cha koili. Mtu aliyetoka kuosha mtoni huwa amekusanya mchanga mweusi ndani ya kifuniko hicho, na mchanga huo unalia kila koili inapoyumba. Suuza, kausha, rudisha.

Imetulia hewani pia? Basi ni ardhi. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi, na sehemu nyingine una vinundu vya chuma vilivyoganda kama kokoto. Tafuta kiraka kisicho na metali, pandisha na shusha koili taratibu juu yake huku ukisawazisha ardhi mpaka sauti isibadilike ikipanda wala ikishuka. Rudia kila udongo unapobadilika rangi. Wengi husawazisha asubuhi wakasahau mpaka jioni. Kisha punguza usikivu. Mashine iliyotulia kwenye usikivu wa wastani huona mbali kuliko iliyowekwa juu kabisa ikawa inapiga kelele, kwa sababu sikio lako litaacha kuiamini.

Halafu kuna chuma cha watu. Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vya mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, ukafa baada ya miaka michache, na reli iliyotoka Mtwara kuuhudumia iling'olewa miaka ya 1960. Misumari ya reli, boliti, vipande vya matrekta, vyote bado vinatoka ardhini. Kwenye mashamba ya mikorosho utakuta nyaya, vizibo vya soda na karatasi za pakiti za sigara. Uchujaji wa mashine utakuondolea chuma, lakini kumbuka kwamba punje ndogo ya dhahabu hupewa na mashine namba ile ile ya karatasi ya sigara. Ukiifuta karatasi, umefuta na dhahabu. Kwenye mto, chimba kila kisicho chuma.

Jambo moja halina mjadala. Mahiwa, karibu na Nyangao, palipiganwa vita vikali vya Waingereza na Wajerumani Oktoba 1917. Ukipata sauti kubwa ya kina upande huo na ukaona umbo la bomba lenye kutu, acha kuchimba, usiligonge, usilibebe. Weka alama, ondoka, toa taarifa polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Karai linaonyesha dhahabu, mashine iko kimya"

Mashine si mbovu. Haioni unga. Inahitaji kipande kimoja kilicho pamoja. Chembe elfu zilizotawanyika kwenye ndoo ya mchanga kwake ni kama hazipo, hata zikijumlishwa zikawa gramu nzima. Chukua kipande kimoja cha risasi chenye ukubwa wa punje ya mchele, kibandike kwenye kadi ya plastiki, ukipitishe mbele ya koili. Andika umbali ulikokisikia. Punguza ukubwa mpaka sauti ipotee. Sasa unajua macho ya mashine yako yanaishia wapi, na chini ya hapo ni kazi ya karai.

Mashine za kawaida za sarafu hufanya kazi kwenye masafa ya chini, ambayo hayapendi vipande vidogo. Zilizotengenezwa kwa dhahabu hupanda mpaka kilohezi makumi kadhaa, na kwa koili ndogo huweza kusikia kipande cha sehemu ya kumi ya gramu kikiwa juu juu. Kwa hiyo ukiwa na mashine ya sarafu, iache ifanye inachokiweza mtoni: kutafuta nyufa zilizonasa vipande vya risasi, misumari na vizibo. Ufa unaokamata vizito vya watu unakamata na dhahabu. Uondoe uchafu huo, ndipo usafishe ufa kwa kijiko na karai.

"Sauti nzuri kabisa, nachimba nakuta jiwe tu"

Ukiwa Ruangwa, fikiria kinywe kabla ya kufikiria kitu kingine. Wilaya hiyo inajulikana kwa madini ya kinywe, ndiyo yale yanayotengenezewa penseli, na kinywe hupitisha umeme. Mashine inakisikia kama metali halisi, tena kwa sauti safi. Dalili zake ni mbili: sauti imetapakaa eneo pana badala ya kuwa nukta, na jiwe lenyewe likivunjwa linakupaka weusi wenye mng'ao vidoleni. Pitisha jiwe mbele ya koili peke yake. Likilia lote, kila upande sawasawa, ni kinywe. Likilia upande mmoja tu, livunje kwa uangalifu, huenda ndani yake kuna kitu.

"Ufukweni inalia ikigusa mchanga mbichi"

Chumvi. Mchanga uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja hulichukulia eneo zima kuwa metali. Isawazishe juu ya mchanga huo huo mbichi, punguza usikivu, inua koili sentimita chache, au fanya kazi kwenye mchanga mkavu juu ya alama ya maji kujaa. Mashine ya masafa mengi kwa wakati mmoja hulivumilia hili vizuri zaidi. Suuza vifaa kwa maji yasiyo na chumvi ukirudi.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara usiende na mashine kabisa. Ni urithi wa dunia tangu 1981, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda maeneo na vitu vya kale. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba, na kila sarafu iliyong'olewa bila wataalamu ni ukurasa uliochanwa. Ukiikuta moja popote, iache ilipo, ukawaambie wahusika wa mambo ya kale.

"Nimezuiwa mtoni"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karai hilo la nini?"

Mazungumzo huanza hivyo, na mwenyekiti wa kijiji akiuliza una kibali gani, ana haki. Sheria ya Madini ya 2010 haina mlango wa burudani: kutafuta au kuchimba madini kunahitaji leseni, hata ukiwa na karai moja. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa na Tume ya Madini kwa Watanzania, kwa miaka 7. Njia rahisi kwa mtu wa mwisho wa wiki ni kukubaliana na mwenye leseni, akuruhusu kuosha ndani ya eneo lake, na kilichopatikana kipite kwenye utaratibu wake hadi kwenye soko la madini. Mwenye shamba naye aulizwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu au zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, hivyo usikate kingo wala kuacha mashimo. Mapori ya akiba ya Lukwika-Lumesule na Msanjesi yaache kabisa.

Mamba ni kizuizi kingine, na hawaombi karatasi. Mito ya Ruvuma na Mbwemkuru ina mamba na viboko, na mtu aliyechuchumaa ukingoni akitazama karai hajui kinachomjia. Chota maji kwa ndoo yenye kamba, panda juu, osha kwenye beseni au pipa lililokatwa. Unaepuka na kichocho kwenye maji yaliyotulia, na matope yako yanatuama pipani badala ya kushuka kwa akina mama wanaochota chini.

"Mahali pa mwaka jana pameisha"

Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili hivi. Kila masika mto hupanga upya changarawe zake, na dhahabu nyembamba huwekwa tena kwenye sehemu ya juu ya kona za ndani, si kina kile kile ulichochimba. Rudi Mei au Juni maji yakishapungua, lakini usianzie kwenye shimo lako la zamani. Anzia pale changarawe kubwa kubwa zilizotuama, ambako mafuriko yalichoka, ukiosha sampuli ndogo kila hatua kumi kwenda juu ya mto. Chembe zikiongezeka, endelea kupanda. Zikikatika ghafla, rudi hatua ulizotoka, ugeukie ukingo na vijito vinavyoingia hapo, maana chanzo kimeshapita ubavuni mwako.